Mtumwa, Mtumishi na Mheshimiwa: Lugha ya Mijadala ya Siasa na Utumishi wa Umma Vyuoni

Utangulizi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haikosi kutajwa kila mara wanafunzi wanapomwalika kiongozi kuja kuzungumza nao katika ukumbi wa chuo kikuu. Mfawidhi huitamka, ukumbi hupiga makofi, mgeni hupokea kipaza sauti. Na baada ya dakika tisini mwenyeji huondoka vile vile alivyoingia, hajapona ugonjwa wowote. Wanafunzi wenzangu waliowahi kuketi katika kumbi hizo ni mashahidi.

Makala haya yanahusu mazungumzo ya aina hiyo: mihadhara, makongamano na mijadala inayoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu ili waielewe siasa ya nchi yao na wajiandae kuingia katika utumishi wa umma. Sitayatazama kwa jicho la mwanasayansi ya siasa, kwa kuwa mimi si mmoja wao. Nitayatazama kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili anayeamini kuwa mara nyingi mazungumzo haya huharibika mapema, pale msemaji anapochagua neno la kumwita mwenzake na lugha ya kumwulizia swali. Mfano wangu mkuu ni tukio la Dar es Salaam la mwaka 1966, kisha nitarejea nyumbani Kenya.

Mlimani, Oktoba 1966

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la chama cha TANU. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na kuanzia 1963 hadi 1970 kilikuwa mojawapo ya vyuo vitatu vilivyounda Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kwa sababu kitivo cha sheria cha nchi zote tatu kilikuwa huko, Wakenya wengi walipitia Mlimani. Miongoni mwao ni Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kati ya 2011 na 2016. Kwa hiyo yaliyotokea Mlimani si ya Watanzania peke yao.

Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu watumikie kwa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeundwa mwaka 1963. Muda wenyewe ulikaribia miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi 18 katika kazi ambayo mtu amesomea, lakini akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, wakabeba mabango. Bango linalokumbukwa zaidi lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawajibu. Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili, na ni kosa kuisimulia moja na kuiacha ya pili, jambo ambalo hufanywa mara nyingi. Sehemu ya kwanza ni kwamba wanafunzi karibu 400, wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine vya jijini, walifukuzwa masomoni na kurudishwa makwao. Sehemu ya pili ni kwamba Mwalimu alikubali hoja yao moja. Wanafunzi walikuwa wamelalamika kuwa wanaowahimiza kujinyima ni watu wenye mishahara minono. Rais akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakuu wa serikali ikapunguzwa vile vile. Miezi mitatu na ushei baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa pamoja na masharti yake ya uongozi. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa chuoni katika mwaka huo wa 1967.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara hunitatiza mahali tofauti. Hapo mwanzo nilikuwa upande wa Mwalimu moja kwa moja. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba, akalala katika bweni lenye maji na umeme, halafu akaandika kwamba mkoloni alikuwa afadhali! Baadaye nilianza kuwaonea huruma. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo. Baadhi yao walikuwa watu wa kwanza katika kijiji kizima kufika Chuo Kikuu, na ukoo mzima ulikuwa ukiusubiri huo mshahara. Siku hizi linalonitatiza zaidi ni jambo dogo la lugha: mabango yanayotajwa katika maandishi ya historia ni ya Kiingereza.

Mwalimu ndiye mtu aliyeifanya siasa ya Tanganyika izungumzwe kwa Kiswahili kutoka pwani hadi bara. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ambayo kilele chake ni hotuba mbili za kisiasa mbele ya umati, ambapo wa pili kusema huubomoa ushindi wa wa kwanza kwa maneno matupu. Alijua hotuba hufanya nini. Hata hivyo wasomi wa nchi yake walipokuwa na dai zito kuliko yote, dai juu ya mkate wao na juu ya maana ya elimu yao, hawakulibeba kwa lugha ambayo mama zao wangeisoma njiani. Mchuuzi aliyeyatazama maandamano yale yakipita aliona majoho, lakini hoja hakuiona. Naamini hilo ni sehemu ya sababu ya wanafunzi wale kukosa mtu wa kuwalilia.

Jambo la pili ni mpangilio. Machi 1967 ndipo Chuo kilipoandaa mkutano wa kujadili wajibu wake katika Tanzania ya ujamaa. Mjadala mpana ulikuja baada ya adhabu. Kama ungetangulia, je, maandamano yangetokea? Sijui, wala hakuna awezaye kujua. Ila ni wazi kwamba mwaka uliofuata Mlimani ilibadilika ikawa uwanja wa mijadala mikali kuliko chuo kingine chochote katika eneo hili. Umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika uliundwa mwaka 1967, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake. Walter Rodney alifundisha hapo. Na mwaka 1969 wanafunzi wakaanzisha jarida walilolipa jina la Cheche. Jina lilikuwa la Kiswahili, ingawa makala yaliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1970 umoja huo na jarida lake vilipigwa marufuku na serikali ile ile iliyotangaza ujamaa.

Mwaka 1971 rais wa chama cha wanafunzi, Simon Akivaga, Mkenya, alifukuzwa chuoni baada ya kuwaandikia wakuu wa chuo barua ya wazi ya kuwalaumu. Askari wenye silaha waliingia Mlimani kumchukua, akarudishwa Kenya. Basi tangu 1966 hadi 1971 tunaona mwendo mmoja: mwanafunzi anakaribishwa azungumze siasa hadi pale anapouliza swali ambalo mwenyeji hakuliandaa.

Euphrase Kezilahabi aliingia Chuo Kikuu mwaka huo wa 1967, akahitimu 1970. Katika Kichwamaji, riwaya iliyochapishwa mwaka 1974, alimweka msomi wa chuo kikuu, Kazimoto, mbele ya Manase, mkuu wa wilaya ambaye walisoma pamoja. Wahakiki wengi, nami pia katika insha zangu za shahada ya kwanza, huisoma riwaya hii kama ya udhanaishi na kusahau kwamba ni riwaya ya ofisi pia. Anayesubiri nje na anayesubiriwa ndani walikalia madawati ya shule moja. Kinachowatenganisha ni mlango na cheo. Nadhani itafaa siku moja mtu aisome Kichwamaji pamoja na habari za 1966, si kwa ajili ya kutafuta nani ni nani, bali kuona jinsi neno utumishi lilivyochakaa katika muda mfupi hivyo.

Ukoo wa neno tuma

Neno hilo lina ukoo wa kustaajabisha, na ni vigumu kujadili utumishi wa umma kwa Kiswahili bila kuukuta ukoo wote umekaa barazani.

Mzizi ni tum-. Kutokana na kitenzi tuma tunapata mtume, aliyetumwa na Mungu, na tume, watu waliopewa kazi maalumu ya kuchunguza au kusimamia jambo. Tukikinyambua kitenzi katika hali ya kutendwa tunapata tumwa, na hapo ndipo mtumwa anapotoka. Tukikinyambua kwa kiambishi -ik- tunapata tumika, na kutokana nacho mtumishi, kwa kanuni ile ile inayogeuza k kuwa sh katika mpishi kutoka pika na mwandishi kutoka andika. Kutokana na tumia tunapata matumizi, neno ambalo wanaokagua hesabu za serikali hulitaja kwa masikitiko kila mwaka.

Kimofolojia basi mtumwa na mtumishi ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni ya kiambishi: mtumwa ana -w-, amefanyiwa, mtumishi ana ile -i ya mwisho ya mtenda, mwenye kazi yake mkononi. Watu wa pwani hawakuhitaji mwanaisimu kuwaeleza tofauti hii, kwa maana waliishi katika miji iliyokuwa na watumwa, na aliyeitwa mtumishi alipenda ijulikane kwamba hakununuliwa. Neno hili limeendelea kutembea tangu hapo. Katika nyumba za matajiri mtumishi alikuwa yule apikaye na kufua. Makanisani leo mtumishi ni mhubiri, na wakati mwingine ana gari kubwa kuliko waumini wake wote. Polisi wa Kenya wameandika Utumishi kwa Wote katika nembo yao. Na kitenzi tumikia, kinachotufaa tunaposema kiongozi anawatumikia wananchi, ndicho hicho hicho tunachotumia kwa mfungwa anayetumikia kifungo. Nimewahi kulitaja hili darasani nikadhani nitawachekesha wanafunzi, hawakucheka.

Mbele ya mtumishi amesimama mheshimiwa. Tazama umbo lake: naye yuko katika hali ya kutendwa, kama mtumwa. Mheshimiwa hafanyi lolote, anafanyiwa heshima. Neno lenyewe halisemi amefanya nini hata akaipata. Enzi za ujamaa Watanzania walijaribu kuliondoa, wakaitana ndugu hata katika mikutano ya serikali, lakini mheshimiwa alirudi na leo amekaa vizuri Dodoma kama alivyokaa Nairobi. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 73, inaeleza kwamba madaraka aliyokabidhiwa ofisa wa serikali ni jukumu la kuwatumikia watu wala si uwezo wa kuwatawala. Ibara ya 232 inaorodhesha maadili ya utumishi wa umma. Hebu mfikirie mwanafunzi anayetakiwa aanze swali lake kwa kusema "Mheshimiwa" kisha amkumbushe mheshimiwa huyo kuwa ni mtumishi. Sarufi ya sentensi yake imekwisha kumshinda kabla hajafika kwenye kiarifa.

Kuna jozi nyingine ambayo wanafunzi wa fasihi tumeipuuza. Katika matangazo ya kaunti tumezoea kusikia "ushirikishwaji wa umma". Kitenzi ni shiriki. Ukikipa -ish- unapata shirikisha, yaani kumfanya mwingine ashiriki. Ukiongeza -w- unapata shirikishwa. Kwa hiyo katika ushirikishwaji kuna mtu wa tatu asiyetajwa, mwenye uwezo wa kukushirikisha au kuacha. Ushiriki hauna mtu huyo. Sidai kuwa waliounda istilahi walikusudia hila. Aghalabu walikuwa watafsiri waliobanwa na saa. Lakini mwananchi anapoambiwa kwa miaka mingi kwamba yeye ni wa kushirikishwa, huzoea kungoja aitwe.

Siasa yenyewe, kwa bahati, ilikuwa na maana nyingine ambayo kamusi za zamani ziliihifadhi: upole, uangalifu. Mtu aliambiwa afanye jambo "kwa siasa", yaani taratibu, kwa busara, asivunje kitu. Wazee wachache bado wanaitumia hivyo. Wengi wetu tulikutana na neno hili likiwa limekwisha kukutana na mabomu ya kutoa machozi.

Kwetu Kenya

Historia yetu haina tukio moja linalolingana na lile la 1966, bali ina mlolongo. Januari 1969 Oginga Odinga alizuiwa kuhutubia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wakasusia masomo, na chuo kikafungwa. Mwezi huo ulifuatia mwaka ambao kijana Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa Kenya: Twendapi?, na katika 1969 akaanza kifungo cha miaka mitatu kwa sababu yake. Abdilatif hakuwa mwanafunzi wa chuo, lakini waraka ule unanihusu kwa sababu mbili: uliandikwa kwa Kiswahili, na jina lake ni swali. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Alamin Mazrui, mhadhiri aliyekuwa amechapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, aliwekwa kizuizini mwaka huo huo wa 1982 bila kushtakiwa.

Chuo kilipofunguliwa, kilichofuata kilikuwa utumishi. Kuanzia 1984 waliofuzu kujiunga na vyuo vikuu walipelekwa kwanza Gilgil kwa mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wahadhiri wetu wa umri fulani hulikumbuka gwaride hilo, na baadhi hulikumbuka kwa furaha, kwani ndiko walikopata marafiki wa kutoka makabila ambayo hawakuwahi kuyaona. Hilo ni jema na lisemwe. Lakini linganisha nchi mbili. Tanzania, utumishi wa lazima ulizua siasa za wanafunzi. Kenya, siasa za wanafunzi zilitangulia na utumishi wa lazima ukafuata. Kote kuwili utumishi ulifika mbele ya mwanafunzi ukiwa amri, na amri haina nafasi ya maswali baada ya hotuba.

Juni 2024 vijana, wengi wao wanafunzi na wahitimu wasio na kazi, waliujadili Mswada wa Fedha mitandaoni usiku kucha, wakaufasiri kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, kifungu baada ya kifungu. Hapakuwa na mgeni wa heshima. Mswada uliondolewa, baada ya makumi ya watu kuuawa. Wahakiki wa lugha tuna deni la kuyakusanya mazungumzo yale kabla hayajapotea, maana sioni mjadala mwingine wa utumishi wa umma uliowahi kuendeshwa na vijana wa Kenya kwa lugha yao kwa kiasi kile.

Kikao cha chama chetu

Nimalizie kwa jambo nililolishuhudia. Chama chetu cha Kiswahili kilimwalika ofisa mmoja wa kaunti azungumze juu ya nafasi za vijana katika utumishi wa umma. Sitataja jina lake wala la kaunti. Tuliomba kikao kiendeshwe kwa Kiswahili, naye akakubali kwa moyo mkunjufu. Alipopanda jukwaani alianza kwa kuomba radhi kwa Kiswahili chake, na ukumbi ukacheka naye. Kwa robo saa alizungumza vizuri mno: alieleza alivyoanza kazi kama karani, alivyokosea barua ya kwanza, alivyofundishwa na katibu muhtasi aliyemzidi umri. Hakuna aliyetazama simu yake. Kisha alifika kwenye bajeti, na bila yeye mwenyewe kutambua akahamia Kiingereza. Ukumbi ukapoa pale pale.

Wakati wa maswali alisimama dada mmoja wa mwaka wa pili. Hakuanza kwa "Mheshimiwa". Alisema, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, na nikaona mabega ya mgeni yakishuka kidogo. Kisha akauliza: "Basari yangu ya muhula uliopita ilifika baada ya mtihani, nami nilikuwa nimezuiwa kuufanya kwa kukosa karo. Nataka kujua karatasi yangu ilikaa mezani kwa nani, na huyo mtu alitumwa na nani." Alitumia neno tumwa bila kukusudia somo la mofolojia. Mgeni alikaa kimya kitambo. Alisema hakujua, akaahidi kutafuta na kuandika. Ni jibu pekee la jioni ile ambalo nimelikumbuka lote.

Tuliandika barua ya kumkumbusha, kwa Kiswahili, tukaambatisha swali la yule dada kama alivyolitamka. Jibu lilikuja baada ya wiki saba: kurasa mbili, kwa Kiingereza, pamoja na majina ya ofisi tatu ambazo karatasi ilipitia na tarehe ya kila hatua. Ilikaa siku 41 katika ofisi ya pili. Kamati yetu inaifasiri barua hiyo ili ibandikwe kwenye ubao wa chama. Tumekwama katika aya ya mwisho, inayowataja washikadau. Baadhi ya wanakamati wanataka neno libaki lilivyo, kwa kuwa limezoeleka. Dada mwenye swali, ambaye sasa ni mwanakamati, anapinga. Anasema katika dau lile yeye alikuwa abiria, tena aliyekwisha lipa nauli, na anataka tafsiri iseme hivyo.